Sizoni ya Tatu Iko Kaaleng

Kijana anayejaza filamu kwenye flashi, nyuma ya soko la Lodwar, aliniuliza swali moja tu kabla ya kugusa kompyuta yake: "Unataka yenye DJ ama unataka ya Kizungu tupu?" Nikamwambia nataka Legend of the Seeker, sizoni zote. Akacheka bila kuinua macho.

"Ziko mbili, boss. Ya tatu kila mtu ananiuliza na mimi sina. Wanaoshuka kutoka Kaaleng wanasema huko iko."

Nilijua fika kwamba sizoni ya tatu haijawahi kupigwa picha popote duniani. Nikalipa, nikatia flashi mfukoni, nikaanza kuulizia magari ya Kaaleng.

Kwa msomaji ambaye tamthilia hii ilimpita, ni kisa cha upanga na uganga kilichochotwa kutoka vitabu vya Mmarekani Terry Goodkind, ambaye cha kwanza alikitoa mwaka 1994. Ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2008, lakini picha zake zilipigwa New Zealand, chini ya Sam Raimi na Robert Tapert, wale wale waliotuletea Hercules na Xena miaka ya tisini. Richard Cypher, kijana anayeongoza watu msituni, anagundua kwamba yeye ndiye Seeker, mtu aliyetabiriwa kumwangusha Darken Rahl, mtawala dhalimu aliyeamuru wavulana wote wa kwanza wa mji mmoja wauawe ili utabiri usitimie. Anasafiri na Kahlan, Muungamishi: akikushika kwa nguvu zake, utamwambia kweli yote na kumpenda kitumwa hadi kufa. Pamoja nao yuko Zedd, mzee mchawi mwenye njaa isiyoisha, na katika sizoni ya pili anaongezeka Cara, mwanamke wa mavazi ya ngozi nyekundu na ulimi mkali kuliko fimbo yake. Sehemu 44, basi. Mei 2010 ikafika kikomo, baada ya vituo vya runinga vya kampuni ya Tribune, vilivyokuwa nguzo ya kuionyesha, kukataa kuendelea nayo. Mashabiki wa Marekani na Ulaya wakaanzisha kampeni ya kuiokoa. Haikuokoka.

Afrika Mashariki taarifa hiyo ya msiba haikupokewa. Tamthilia ilikwisha kuingia kwenye DVD za kunakiliwa, halafu kwenye flashi na memori kadi, na tangu hapo inazunguka kwenye vibanda vya video kana kwamba imetoka jana. Nimeikuta Eldoret, nimeikuta Kampala, nimeikuta kwenye simu ya kondakta akiitazama huku abiria wakimdai chenji. Kuna tamthilia kubwa zaidi, za gharama zaidi, zilizodumu zaidi. Sijui nyingine inayopendwa hivi na watu ambao waliofanya kazi hiyo hawakuwahi kuwafikiria hata mara moja.

Lodwar sikukaa sana. Joto lake linajulikana na sina jipya la kuliongeza. Mgeni anayefika Turkana hupelekwa kwenye vitu vya kale: sanamu ya Kristo juu ya kilima, habari za Mzee Kenyatta kufungwa Lokitaung na kisha kuwekwa Lodwar enzi za mkoloni, na Nariokotome, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliokota kipande cha mfupa kilichosababisha mifupa ya yule kijana wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita ifukuliwe. Yote ni ya kuonwa. Ila sijawahi kusikia mgeni anapelekwa kwenye kibanda cha video, ambako watu wa Turkana wa leo wanakaa jioni zao wakibishana.

Nilianza na Kakuma, kwa sababu lami iko na gari halikosekani. Ni kama kilomita 120 kwenda kaskazini-magharibi. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia na kutoka huko tena hadi Kenya. Leo wako Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia, na Wasudani Kusini waliozaliwa hapo hapo na kulea watoto hapo hapo. Filamu si kitu kigeni kwao. Shirika la FilmAid, lililozaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, liliingia Kakuma mwaka 2001, likawa linaonyesha filamu usiku kwenye turubai kubwa iliyofungwa juu ya lori, na baadaye likafundisha vijana kushika kamera. Lakini turubai ya shirika ina wakati wake na ujumbe wake. Kibanda kina kila siku, na ujumbe wake ni wa mwenye kulipa.

Kile nilichoingia kilikuwa na kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, na umeme unatoka kwenye jenereta ya jirani anayewauzia wenzake wa mtaa ule. Nje, ubao wa chaki: juu Arsenal, chini Seeker. Nilikaa benchi moja na vijana wa Kisudani Kusini na mafundi wawili wa Kikongo. Filamu ilikuwa yenye DJ, sauti nisiyoitambua, Kiswahili cha Nairobi chenye kasi ya mnada, na Wakongo walilalamika kwamba anaongea kama anafukuzwa. Hakuna aliyeondoka.

Hapa nieleze kidogo, maana wengine hawajui kazi hii. Mtu mmoja huitazama filamu, huishusha sauti yake, kisha huingiza ya kwake juu. Anatafsiri, anaeleza, anawasuta wahusika, anawabatiza upya, anawatoa msituni na kuwapitisha Gikomba. Kenya bingwa wake ni DJ Afro, James Muigai, ambaye kwa miaka mingi amewafanya Wachina wa kung-fu na Wahindi wa Bombay wazungumze kama watu wa stendi. Dar es Salaam alivuma Lufufu, Derek Mukandala, aliyeifanya hata Titanic isikike kama kisa cha mtaa wa pili. Uganda ndiko kazi hii ilikokomaa. VJ Jingo anajulikana hadi vijijini, na filamu ya 2010 ya Wakaliga, Who Killed Captain Alex, ulimwengu umeipenda kwa kelele za VJ Emmie pengine kuliko kwa bunduki zake za kuchongwa. Wenye haki miliki, ni kweli, hawapati hata thumuni. Na kisheria mwenye kibanda Kenya anatakiwa awe na leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Sikuwaomba waliotuuzia tiketi wanionyeshe.

Sehemu ya kwanza kabisa ya Seeker inaanza na wanawake wawili juu ya farasi, wanakimbizwa na askari kuelekea mpaka. Kahlan na mdogo wake. Mishale inawafuata, mdogo mtu anaangushwa. Kahlan anavuka mpaka peke yake. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi na siku zote nimeichukulia kama mbio za kufungulia filamu, za kukupa hamu ya kinachofuata. Kakuma kibanda kizima kilinyamaza. DJ naye, kwa bahati au kwa akili, alinyamaza. Kijana aliyekaa kushoto kwangu, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akinigongagonga kwa kiwiko kwa kicheko, aliegemeza mikono magotini na hakusogea hadi farasi alipofika upande wa pili.

Baadaye nikamuuliza kama hakujua kwamba yule dada anaonekana tena mbele, akiwa hai.

"Tulijua yuko hai hata kabla hajaonekana," akanijibu. "Uliona akizikwa? Mtu ambaye hujamzika hajafa."

Kisha akanisimulia jinsi tamthilia inavyopangwa Kakuma, maana wao wana mpangilio wao. Sehemu za mpaka hurudiwa. Sehemu ambazo Richard anahangaika na moyo wake hurukwa, isipokuwa wasichana wakiwa wengi. Wana mtu wao, Mburundi, ambaye ameziandika zote 44 kwenye daftari la shule kwa vichwa vyake mwenyewe, na ukitaka kuona kitu unamtajia kisa, naye anakutajia namba. Mitaa mitatu mbele, fundi cherehani kutoka Kivu alinionyesha gauni jeupe lililoning'inia mlangoni: kamba za kukaza kifuani, mikono mirefu, pindo la kuburuta vumbi. Bibi harusi alimletea picha ya Kahlan kwenye simu, akamwambia, hili, si lingine. Fundi alikuwa ameiona tamthilia, na alikuwa na lalamiko la kitaalamu kuhusu mshono wa bega katika lile gauni la asili. La kwake, aliniambia, halitafumuka hata bibi harusi akipanda farasi.

Niliwauliza kuhusu Game of Thrones, maana ndiyo iliyotikisa dunia: sizoni 8, sehemu 73, kuanzia 2011 hadi 2019. Wanaijua. Hawaisamehi. Katika sizoni ya kwanza Ned Stark, ambaye kila mtu alikwisha kumkabidhi usteringi, anakatwa kichwa. Mmoja wa wale mafundi alidai hela yake irudishwe siku hiyo. Sheria ya kibanda inajulikana tangu enzi za kanda za VHS: steringi hauawi. Anapigwa, anafungwa, anazamishwa, anafufuka. Ukimuua kabla ya mwisho umevunja mkataba na aliyelipa mlangoni, na yeye hajali kwamba wakosoaji wa London wamekuita jasiri.

Ndipo nilipotambua tofauti iliyonishughulisha njia nzima. Mashabiki wa Magharibi walipochukizwa na sizoni ya mwisho ya Game of Thrones, zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka irudiwe upya na waandishi wengine. Waliomba. Wenye tamthilia hawakuitika. Kuna wanaofanya zaidi ya kuomba: wakati wa Xena, mashabiki waliandika maelfu ya visa vyao wenyewe, na mmoja wao, Melissa Good, akaishia kuajiriwa kuandikia tamthilia yenyewe katika sizoni yake ya mwisho. Hata hivyo ilibidi afunguliwe mlango. Kibandani hakuna mlango wa kubisha. Mwenye maikrofoni akisema steringi hakufa, hakufa.

Kwenda Kaaleng nilirudi Lodwar, na kutoka hapo nikapanda Land Cruiser ya abiria. Sisemi mengi juu ya njia. Mtu akisimulia barabara za Turkana kwa kirefu ujue hakupata kisa alikofika. Lami ilituacha, vumbi likatupokea. Tulivuka laga kadhaa kavu zenye mikoma kingoni, tukapita vichaka vya mathenge ambavyo mbuzi wanavipenda na wenye mbuzi wanavilaani, na mara mbili tulisimama kupakia magunia ambayo hayakuwa na pa kukaa isipokuwa mapajani petu. Kaaleng iko Turkana Kaskazini, kwenye njia inayoendelea hadi Kaikor na hatimaye Kibish, mpakani na Ethiopia. Maduka machache, shule, kanisa, pampu ya maji, manyatta zimetawanyika nyuma. Niliposema "Ejoka" kwa lafudhi yangu ya bara, akina mama waliokuwa chini ya mti walicheka kwa ukarimu na kunisahihisha.

Kitu cha kwanza nilichoona ni upanga. Mvulana mdogo, mchunga mbuzi, alikuwa ameuchomeka kiunoni: ubao wa mathenge uliochongwa vizuri, mpini umefungwa kwa waya, na kwenye mpini kumechomwa kwa waya wa moto neno KWELI. Waliotazama wanajua kwamba upanga wa Seeker una neno hilo kwenye mpini, kwa Kiingereza. Nikamuuliza nani alimwandikia. Akaniambia aliandika mwenyewe, na kwamba wenzake watatu wana panga za namna hiyo, lakini Seeker huwa mmoja kwa siku, na siku hiyo ilikuwa zamu yake. Rahl ni nani? Akaelekeza kidole kwa mbuzi beberu.

Kibanda cha Kaaleng hakina jenereta. Kina sola moja juu ya paa, betri ya gari, runinga bapa ya ukubwa wa wastani, na spika ambayo mwenye video ameiunganishia maikrofoni iliyofungwa kwa utepe mweusi shingoni. Mwenye video ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kiingilio ni shilingi ishirini. Wachungaji hukubaliwa kuja na kuni. Hanunui zenye DJ. Anazitaka za Kizungu tupu, kwa sababu DJ ni yeye.

Nilikaa chini, mchangani, mgongo kwenye nguzo. Walikuwapo watoto mbele, vijana wakiwa juu ya viti vyao vidogo vya mbao, vile ambavyo Mturkana hatoki bila navyo, wanawake upande wa mlango, na nyuma kabisa wazee wawili ambao, niliambiwa, husema hawapendi mambo haya na hawajawahi kukosa. Picha ikaja. Darken Rahl ameketi ukumbini, askari wanamburuta mtu mbele yake, mtu anaangukia magoti. Mwenye video akaisogeza maikrofoni mdomoni, akaifanya sauti yake nzito na ya puani, sauti ya ofisi.

"Haya, tulieni, baraza limeanza. Wewe. Kitambulisho kiko wapi? Hakuna? Na watoto kumi umeandikisha wa nani?"

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Midomo ya Rahl ilikuwa ikienda kwa taratibu na vitisho. Maneno yaliyotoka yalikuwa ya chifu anayepunguza orodha ya mahindi ya msaada. Mama mmoja karibu na mlango akapaza sauti: "Mwulize jina langu lilikatwa na nani!" Mwenye video, bila kusita, Rahl akiwa bado anazungumza: "Mama, mfumo uko chini. Rudi Jumatatu." Nilitazama usoni mwa yule mwigizaji wa New Zealand, akiinua nyusi moja kwa dharau, na nakuapia kwamba nyusi ile ilikaa mahali pake kuliko ilivyowahi kukaa katika Kiingereza.

Anabadilisha lugha kama anavyobadilisha sauti. Simulizi ni Kiswahili, kwa sababu walimu wako, na askari wako, na mgeni kama mimi huenda akawapo. Matusi na mapenzi ni Kiturkana. Pale ambapo Kiingereza kinampita, anabuni, wala haonyeshi kigugumizi. Nilijua kwa sababu nakijua kisa, na mara mbili au tatu nilipendelea cha kwake.

Watazamaji nao hawatazami kwa kunyamaza. Mashujaa walipovuka mto, mto wa kweli wa New Zealand, mwingi, wa kijani, unaopiga kelele, kijana mmoja alisema kwa masikitiko ya dhati: "Wanapita tu. Hakuna hata mmoja ameinama kunywa." Hilo lilijadiliwa. Wengine walisema ni ujinga, wengine wakasema ni kiburi; mwalimu mmoja akasema ni kwamba wamezoea. Kimya kidogo kikafuata neno hilo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Zedd. Vijana humwita emuron, mwaguzi, na mmoja wa wale wazee hakubali. Aliyatoa mashtaka yake moja moja, fimbo ikigonga mchanga. Emuron huota ndoto; huyu hata kulala hatumwoni. Emuron husoma utumbo wa mnyama. Huyu hajapasua hata mbuzi mmoja tangu aanze kuonekana humu ndani. Emuron hutupa viatu chini akasoma vilivyoanguka. Huyu anavivaa tu. Tena yeye ndiye anayeomba chakula, ilhali emuron wa kweli huletewa. "Lokerio alilipasua ziwa kwa fimbo, watu wakavuka," akasema, na jina hilo, la mwaguzi mkuu wa Waturkana wa karne ya kumi na tisa, liliwafanya hata watoto wageuke. "Huyu anarusha moto kidogo, anachoka." Mwenye video alikuwa amesimamisha picha ili mzee amalize. Zedd alibaki mdomo wazi kwenye skrini, akisubiri hukumu.

Kuhusu sizoni ya tatu, chanzo chake ni betri. Mwenye video alinieleza kesho yake, akiwa amelaza sola chini anaipangusa vumbi. Siku za mawingu au za vumbi zito betri hufa katikati ya kisa, na watu wamekwisha lipa. Kurudisha hela hawezi, alikwisha kuila. Mara ya kwanza ilipomtokea, alisimama gizani akamalizia kwa mdomo yaliyobaki, maana alikuwa ameyaona. Wakatulia. Mara nyingine betri ilikufa kwenye sehemu ambayo hata yeye hakuwa ameitazama, akamalizia hivyo hivyo. Siku iliyofuata picha ilipoonyesha mwisho mwingine, watu waligomba: walitaka ule wa jana. Kwa hiyo sehemu 44 zilipokwisha, na Lodwar wakamwambia hakuna zaidi, hakuona sababu ya kufunga.

Usiku huo nilisikia kipande chake. Runinga ilizimwa, si kwa ajili ya mandhari bali kuokoa moto wa taa. Richard sasa anataka kumwoa Kahlan. Katika tamthilia ya asili kikwazo cha mapenzi yao ni nguvu zake: akimpenda kikamilifu atamgeuza mtumwa. Kaaleng kikwazo hicho kilionekana kidogo. Wakwe wanataka nini? Richard hana hata mbuzi. Mtu anazunguka sizoni mbili na binti wa watu, upanga mkononi, hakuna ngamia, hakuna ng'ombe, na hakuna aliyemuuliza! Basi sizoni ya tatu ndiyo inayouliza. Richard amepata fahali mmoja, wa kuanzia mahari. Mlinzi wa Kuzimu, adui wa sizoni ya pili, amemwiba. Seeker anafuata nyayo za fahali kwenye laga kavu, siku kwa siku, hadi anafika kilimani na kumkuta mwanamke peke yake anachuma matunda ya porini, na fahali amesimama karibu naye, amenenepa.

"Hiyo ni ya Nayece," mzee wa pili akasema kutoka nyuma. Hakuwa amesema neno usiku kucha. Kila Mturkana anamjua Nayece, bibi wa mwanzo, na vijana wa kabila la Jie waliofuata nyayo za fahali aliyepotea wakamkuta, wakakaa, wakawa Waturkana. "Umeiba kisa cha watu."

"Mzee wangu," mwenye video akajibu kwa heshima yote, "huyu kazi yake ni kutafuta. Hapa Turkana angetafuta nini kingine?"

Mzee akafikiri. Akasema kama ni hivyo, basi rangi ya fahali isemwe sawasawa, na akaitaja, na ikasemwa upya kuanzia laga.

Wasichana wana yao. Niliwasikia pampuni asubuhi, wakisimuliana huku mitungi ikijaa: ndani yake Cara haendi popote na Richard. Anabaki nyuma kulinda kisima, na kila jeshi linalokuja linakuja kwa sababu ya maji. Nilipouliza kama mwenye video anaijua hiyo, walitazamana, mmoja akasema hajaambiwa. Atakapoambiwa ataiharibu.

Nina ombi kwa watu wa makumbusho na wa vyuo vikuu wanaokuja Turkana na vinasa sauti kutafuta ngano za wazee. Endeleeni, ni kazi njema. Lakini mkimaliza kwa mzee, mfuateni jioni anakokwenda. Kuna fasihi inatungwa hapo kila siku na kufutika kila siku, na aliyeitunga ana umri wa miaka ishirini na kitu na hajui kwamba anastahili kuulizwa. Na wewe msomaji, ukiitaka sizoni ya tatu, Lodwar hawana cha kukuuzia. Panda gari hadi Kaaleng, beba shilingi ishirini au kuni, na usiende Jumamosi: Jumamosi ni mpira.